Voisi noti ya dakika moja

Ile voisi noti bado ninayo kwa simu. Dakika moja na sekunde chache. Niliirekodi nikiwa jikoni nakaanga bajia, ukisikiliza utasikia mafuta yanalia nyuma, na sauti yangu imejaa huruma, namwambia jirani yangu, "Dadangu usihangaike, chukua ile pepaminti na ile ya mkaratusi, tone mbili mbili, mpake mtoto kifuani na kidogo hapa chini ya pua, atapumua vizuri alale. Ni asili tupu hii, haina kemikali, haina madhara yoyote."

Mtoto alikuwa na miezi saba. Ilikuwa Julai 2020, kusi imeshika, watoto mtaa mzima wanakohoa, na watu walikuwa wanaogopa hospitali sababu ya corona, ukienda na kikohozi tu ushaona unaenda kuwekwa karantini. Ndio maana aliniuliza mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu nikiuza haya mafuta ya kunukia wanayoyaita esenshiali, na pale mtaani mimi ndio nilikuwa nimeshakuwa kama daktari wa mafuta.

Naandika sababu nimeona wadada wengine wa hapa Lamu na wa Malindi wameingia kwa biashara hii hii, na maneno wanayoweka kwa stetasi ni yale yale niliyokuwa naweka mimi, neno kwa neno, mpaka emoji za majani. Sina chuki nao. Najua wanaamini, mimi pia niliamini.

Nimezaliwa Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Kwetu harufu nzuri ni kitu cha kila siku, bibi alikuwa kila Alhamisi jioni anawasha chetezo anafukiza udi nyumba nzima, kwenye Maulidi watu wanarushiwa mawardi, bi harusi anasingwa kwa liwa, anavaa kikuba, asumini kwenye nywele. Mama yangu ameuza udi na marashi miaka na miaka na wateja wake ni wale wale, mama kisha binti kisha mjukuu. Kwa hivo mwanzo wa 2019 rafiki yangu niliyesoma naye, ameolewa Mombasa, aliponipigia akaniambia kuna mafuta ya kunukia kutoka ng'ambo unauza ukiwa nyumbani, mimi sikuona kitu kigeni. Niliona ni kazi ya mama yangu imeletwa kwa simu. Nikalipa shilingi 18,000 za kiboksi cha kuanzia, kikaja kwa basi mpaka Mokowe, kikavuka na boti, nikaenda kukipokea jeti mwenyewe, nilikuwa na furaha siwezi kueleza. Chupa kumi ndogo na difyuza moja, kile kidude cha kusambaza harufu nyumbani.

Na watu walinunua haraka sana. Saa hizo nilidhani ni uzuri wa mafuta. Walinunua sababu mimi ni binti wa mama yangu, na mama yangu hajawahi kumuuzia mtu udi wa uongo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko pesa: kampuni haikuwa na jina Lamu, jina ilikuwa ni letu sisi.

Mafunzo tulifanyiwa kwenye ukumbi wa hoteli moja Mombasa, alafu yakaendelea kwa grupu la WhatsApp. Kitu cha kwanza tulichofundishwa sio mafuta, ni maneno. Usiandike kwa Facebook "inatibu pumu", andika "inasaidia kifua". Usiandike "inashusha presha", andika "inatuliza mwili". Alafu yule aliyeniingiza, aplaini wangu tuseme, akatuambia mteja akikuuliza pembeni, kwa simu au kwa voisi, hapo mueleze yote, hapo hakuna anayekusoma. Mimi nilichukua ile kama siri ya biashara, kama fundi anavyokufundisha kazi. Sikujiuliza kwa nini kitu cha kweli kiwe kinasemwa kwa sauti tu na hakiwezi kuandikwa.

Baadae sana nikaelewa tahadhari ile ilitoka wapi. Mwaka 2014, Ebola ikiua watu Liberia, Sierra Leone na Guinea, FDA, ile mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliziandikia barua za onyo kampuni mbili kubwa za mafuta haya za jimbo la Utah, Young Living na doTERRA, sababu wauzaji wao walikuwa wanatangaza mtandaoni kwamba mafuta yanafaa kwa Ebola na magonjwa mengine mazito. Mimi sikuwa nauzia hizo kampuni, nasema tu jambo lililo kwenye rekodi. Na 2020 corona ilipoingia, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaandikia tena kampuni kadhaa za aina hii ya kuingizana, yaani muuzaji anamuingiza muuzaji mwengine, kuhusu madai ya kukinga corona na kuhusu ahadi za kipato. Sasa watu wakishaandikiwa barua kwa waliyoyaandika, wanajifunza kutoandika. Wanasema. Na sisi tulio mwisho kabisa wa mnyororo, huku visiwani, ndio tunaosema.

Lile jaribio la kikombe lazima nilieleze sababu ndilo lililonimaliza kabisa. Aplaini alichukua kikombe cha foam, ile plastiki nyeupe laini kama ya kontena za chipsi, akadondosha tone kadhaa za mafuta ya limau, akakiinua juu tukaona kinatoboka hivi hivi, kinayeyuka. Ukumbi mzima ukaguna. Akasema "Mnaona? Plastiki ndio sumu tunayokula kila siku, na hivi ndivyo mafuta yanavyoisafisha ndani ya mwili." Wallahi nilirudi Lamu nikalifanya lile jaribio barazani mbele ya watu kumi na mbili na nikauza chupa saba siku hiyo hiyo.

Miaka miwili baadae nililirudia peke yangu jikoni. Mafuta ya limau, foam ikayeyuka. Maji ya limau lenyewe nililokamua kwa mkono, hakuna kitu. Ganda la limau lina kitu kinaitwa limonini, na limonini inayeyusha ile plastiki kama tapentaini inavyoyeyusha rangi, hakuna muujiza hapo na hakuna sumu iliyotafutwa mwilini. Na tapentaini yenyewe, ile mafundi wetu wa rangi wanayosuuzia brashi, inatoka kwa utomvu wa msonobari, ni ya asili kabisa, na hakuna mama Lamu atakayempa mtoto tapentaini anywe kwa sababu imetoka kwa mti. Hilo neno asili tulilitumia kama kufuli, ukishalisema mteja haulizi tena.

Walitwambia pia tone moja la pepaminti ni sawa na vikombe 28 vya chai yake. Nililisema hilo mara mia. Nimeuliza lilitoka wapi na hakuna aliyewahi kunionyesha hesabu, na chai na mafuta wala si kitu kimoja, chai unachovya majani kwenye maji, mafuta yanatolewa kwa mvuke mpaka unabaki na ule ukali peke yake. Lakini hata ukilichukua kama lilivyo, kuna mama gani angempa mtoto vikombe 28 vya kitu chochote kwa mara moja? Tulikuwa tunalisema kama sifa, na hatari imo mle mle kwenye sentensi.

Na "gredi ya tiba". Kila chupa tulijisifu ni gredi ya tiba. Hakuna serikali wala shirika huru la viwango linalotoa hiyo gredi, si kama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwamba kuna mtu wa nje amepima, ni maneno kampuni zinajipa zenyewe. Hata ile hadithi ya yule mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, tuliambiwa aliungua mkono akautumbukiza kwa bahati kwenye chombo cha lavenda ukapona bila kovu. Alichoandika mwenyewe mwaka 1937 ni tofauti, kulikuwa na mlipuko maabara mwaka 1910, akaungua vibaya, vidonda vikaanza kuoza, ndipo akaviosha kwa lavenda kwa kukusudia. Na familia yake ilikuwa ya biashara ya manukato. Kwetu ilifika ikiwa imepigwa pasi.

Nirudi kwa dozi, sababu hapa ndipo nilipofunguka macho kuliko kwengine kote. Tulifundishwa tuwaambie wateja tone mbili kwenye maji kila siku, kila mtu nyumbani. Chupa ya mililita 15 ina kama tone 300. Nyumba ya watu watano, tone mbili kila mtu, ni kumi kwa siku. Siku thelathini chupa imeisha. Na sisi tulitakiwa tuweke oda kila mwezi ili tubaki hai kwenye mfumo na bonasi isipotee. Nilikaa na kalamu usiku mmoja nikaipiga hiyo hesabu nikaipiga tena. Hakuna mtu aliyepima figo la mtu wala ini la mtu kupata zile tone mbili. Kwenye chupa yenyewe, kwa herufi ndogo za kutafutia miwani, ilikuwa imeandikwa usinywe, weka mbali na watoto. Na mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, kwa hivo yule anayekunywa ile glasi anapokea tone likiwa kavu kavu kwenye mdomo na koo.

Zilikuwepo dalili kabla ya mtoto. Tulikuwa na paka nyumbani, na Lamu bila paka si Lamu, nikampaka mafuta ya titrii shingoni ya kuua viroboto, kama nilivyoambiwa. Jioni akawa anatetemeka, miguu ya nyuma haimbebi, mate yanamtoka. Hakufika Ijumaa. Nikauliza kwa grupu nikajibiwa labda amekula panya mwenye sumu, nikakubali. Ini la paka haliwezi kuvunja yale mafuta kama letu, hili linajulikana kabisa na madaktari wa wanyama. Alafu binamu yangu akajipaka mafuta ya limau mikononi na shingoni asubuhi akaenda Shela kwa boti, jua la saa sita, akarudi na malengelenge kama aliyemwagikiwa na chai ya moto, na alama nyeusi zikakaa miezi. Kuna mafuta ya jamii ya ndimu na malimau, yakikamuliwa kwa ganda bila mvuke, yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza. Aplaini akasema hiyo ni ditoksi, sumu inatoka, mwambie aongeze. Na mimi nikamwambia aongeze. Ngozi ikishakataa kitu na ukazidi kukipaka, inaweza kukikataa maisha yako yote.

Basi ile siku ya Julai. Nilituma voisi baada ya Asri. Haikupita nusu saa nikasikia mlango unagongwa kwa kofi, sio kwa kidole, na sauti ya jirani, "Ndoo! Ndoo, mwanangu mato yamegeuka!" yaani njoo, macho yamegeuka. Nilitoka na mkono una unga wa dengu. Mtoto alikuwa amekakamaa, mdomo umekuwa wa buluu, hapumui, na ile harufu ya pepaminti imejaa ukumbi mzima. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Kisha akakohoa akavuta pumzi kwa mlio ambao siusahau. Tukampangusa uso kwa leso tukambeba tukakimbia kwa miguu, vichochoro vyetu mnavijua, punda wamebeba mawe ya ujenzi mbele yetu hawapishi, mimi nimeshika chupa mbili kiganjani sababu kitu ndani yangu kiliniambia nizibebe.

Hospitali walimpa oksijeni wakamlaza usiku huo. Daktari wa zamu alizichukua chupa akazisoma kwanza, akamuuliza mama, "Nani alikwambia umpake haya puani?" Jirani yangu akanyamaza. Mwanawe kwenye mashine ya oksijeni na bado hakunitaja. Nikasema mimi. Nikamwekea na voisi asikilize, sauti yangu ikatoka pale wodini na bajia zake nyuma, kila mtu anasikia.

Hakunifokea. Alikaa akanieleza, mentholi ya pepaminti na ule ukali wa mkaratusi ukimuwekea mtoto mchanga karibu na pua unaweza kufanya koo lijifunge ghafla, pumzi ikate. Akasema tushukuru hakunyweshwa, sababu mkaratusi ukimezwa na mtoto, hata kidogo cha chini ya kijiko cha chai, unaweza kuleta degedege, na kafuri hivyo hivyo. Aliposema degedege nilishika kichwa. Huku kwetu mtoto akishikwa na degedege kuna nyumba bado watasema ni ndege, watatafuta kombe na hirizi, na hakuna atakayeitazama ile chupa nzuri ya rangi ya kahawia iliyoko dirishani. Akaniambia na jengine, mtoto akimeza mafuta haya msimtapishe, yanaingia mapafuni yakitoka, mleteni na chupa yake moja kwa moja.

Mtoto akapona alhamdulillahi. Sasa hivi anakimbia barazani.

Usiku ule nilimwandikia aplaini. Jibu la kwanza, la kwanza kabisa, kabla hata ya kuuliza mtoto vipi: "Futa hiyo voisi." Kisha akaniambia mama atakuwa alizidisha, kisha akaniambia labda chupa si yetu original. Nilikuwa nimemuuzia mimi mwenyewe, nimemkabidhi mkononi. Sikufuta. Siku ya tatu nikatolewa kwenye grupu.

Niliitoa stoku yote nikaipanga kwenye mkeka nikaanza kusoma chupa moja moja. Kulikuwa na wintagrini, ile ya maumivu ya viungo, nilikuwa nimewauzia wazee wavuvi wanne. Kijiko kimoja cha chai cha wintagrini kina nguvu ya aspirini zaidi ya vidonge 20 vya mtu mzima, kinaweza kumuua mtoto, na kwa mtu anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi hata kupaka tu kunaweza kumletea kuvuja damu. Chupa nne hizo zote zilikuwa kwenye nyumba zenye wajukuu. Kulikuwa na "waridi" ya shilingi 900 niliyoletewa na muuzaji mwengine, na kilo moja ya mafuta ya waridi inahitaji maelfu ya kilo za maua, kwa hivo ile ilikuwa ni manukato ya kiwandani yamebandikwa karatasi.

Sisemi mafuta yote ni uongo. Karafuu kwenye jino inapunguza maumivu kweli, bibi alikuwa anagusisha pamba kidogo tu, anaigusa pale jinoni, na chupa anaifungia kwenye sanduku na ufunguo uko kwenye leso yake. Nilimuona miaka yote nikadhani ni ubahili. Karafuu ikimezwa na mtoto inaharibu ini. Mafuta ya kupaka mwilini mtu mzima, tone kama 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha, na sisi tulikuwa tunasema paka hivyo hivyo.

Kwenye daftari nilikuwa na wateja 43. Nilizunguka kwa kila mmoja, wa Pate na Faza niliwapigia simu. Wengine walicheka, wengine walinirudishia chupa, wawili walitaka pesa zao nikawarudishia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Mmoja alinifungia mlango na ana haki. Mama alitembea na mimi siku nne za kwanza, hakusema neno la lawama, anasalimia tu kisha ananiachia niseme.

Wa mwisho alikuwa bi mkubwa mmoja wa mtaa wa pili, nilimuacha mwisho sababu nilikuwa namuogopa. Yeye nilimuuzia lavenda na ubani, na kwa sauti, sikuandika, nilimwambia zinatuliza presha. Nilimkuta amekaa kitandani, kichwa kinamuuma, vidonge vyake vya kliniki viko kwenye kopo havijaguswa wiki tisa. Wiki tisa. Hakuungua, hakuvimba, hakuna kitu ungekiona kwa macho, na presha ilipopimwa ilikuwa 190 kwa 110. Aliniambia, "Si wewe mwanangu ulonambia haya ya asili ni bora?" Hakusema kwa hasira, alikuwa ananiuliza kweli, anataka nimjibu.

Tangu siku hiyo kliniki naenda naye mimi. Anapenda kupita njia ya pwani ili apumzike pale Mkunguni, anakunywa kahawa moja, anawauliza watu habari za mashua. Vidonge anameza mbele yangu siku ya kwanza ya kila pakiti, ndivyo tulivyokubaliana. Tarehe yake nyengine ni Jumanne, nitampitia saa mbili asubuhi.